Tulikwenda Kuona Ziwa: Safari ya Mume na Mke Kutoka Bujumbura Mpaka Nyanza-Lac

Wengi wenu mmeniuliza juu ya safari ile mimi na mke wangu tuliyoifanya wiki ya mwisho ya Agosti 2024, wakati wa likizo ya shule. Kila mtu ananiuliza kipande chake njiani, mwingine kwenye bomba la maji, mwingine kanisani. Basi nimeona ni vizuri niandike yote pahali pamoja, ili na wale ambao hawajauliza wapate kusoma.

KWA NINI TULIKWENDA

Mimi nafundisha jiografia. Kwenye darasa langu watoto karibu wote wazazi wao ni watu wa Uvira, Fizi na Baraka, watu wa ziwa. Lakini watoto wenyewe wamezaliwa hapa kambini, juu ya milima, na maji makubwa kuliko yote waliyoyaona ni ya mto wa bondeni. Nikisema "Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal ya Urusi", wanaandika kwenye daftari, lakini macho yao yanasema hawaoni kitu. Na mimi mwenyewe nililivuka nikiwa mdogo, usiku, mgongoni mwa mama. Mke wangu vilevile. Tulikuwa tunafundisha na kusimulia kitu ambacho hatukijui.

Kuna majirani walicheka. Walisema: "Mkimbizi anaenda utalii? Utalii ni wa wazungu." Mzee mmoja wa kwartie yetu akawajibu kwamba mgeni anayekaa kwa mtu miaka ishirini bila kuijua nyumba ya mwenyeji wake, huyo hakukaribishwa, amefichwa tu. Neno lile lilitupa nguvu.

KARATASI NA PESA

Mnajua wote kwamba hapa hatutoki bila karatasi ya ruhusa. Tuliomba mapema, tukaandika siku tutakazokwenda na pahali tutakapolala, tukapata siku saba. Pesa ilitoka pande mbili: motisha yangu ya ualimu ambayo tuliweka kidogo kidogo, na likelemba ya mke wangu na wenzake wanaouza mandazi sokoni. Mwezi wa Agosti zamu ilimfikia. Tulibeba ndoo ndogo ya unga, sahani mbili, blanketi moja na nguo za kubadilisha. Hatukupanga hoteli.

Kitu kimoja mjue: mwaka ule mafuta ya gari yalikuwa shida nchi nzima. Kwenye vituo magari yalipanga mstari siku nzima, mengine yalilala pale. Nauli ilipanda. Safari ya siku moja ilikuwa inaweza kuchukua mbili. Kwa hiyo anayetaka kusafiri aweke akiba ya siku na ya pesa.

KUSHUKA BUJUMBURA

Kutoka Ruyigi tulipita Gitega, mji ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya siasa ya nchi, halafu Muramvya, mpaka Bugarama. Bugarama ni baridi kweli, iko juu zaidi ya mita 2,000. Wamama wanauza kabichi, karoti na viazi barabarani, kila gari linasimama. Kuanzia hapo barabara inateremka na kupinda, kupinda na kuteremka. Vijana wa baiskeli wanashuka na mikungu ya ndizi kama risasi, na wakati wa kupanda wanashika nyuma ya lori ili liwavute. Mke wangu alifunga macho.

Halafu kona moja ikafunguka, dereva akasema: "Hilo hapo." Chini kabisa mji, baada ya mji maji, na baada ya maji milima ya Kongo. Kwenye Hiace hakuna aliyesema kitu kwa muda kidogo, hata wale wafanyabiashara wa Gitega ambao wanaiona njia hiyo kila wiki.

Bujumbura zamani iliitwa Usumbura, jina lilibadilishwa 1962 mwaka wa uhuru. Ziwa hapo liko mita kama 770 juu ya bahari, ndiyo maana joto linakushika mara moja unapotoka milimani. Tulilala Buyenzi kwa baba mkubwa wangu. Buyenzi ndiyo kwartie ya Waswahili tangu zamani za Wabelgiji: misikiti, magaraji, watu wanapiga nyundo mpaka jioni, wamama wanakaanga samaki barabarani. Pale hakuna anayeshangaa ukiongea Kiswahili. Mke wangu aliniambia: "Leo ni mara ya kwanza naongea sokoni bila mtu kuniuliza natoka wapi."

Usiku baba mkubwa alitupeleka karibu na ziwa. Ng'ambo tuliona taa. Akasema: "Ule ni Uvira." Mji ambao mama yangu anausimulia kila siku, nyumba yetu, shamba letu, makaburi yetu, ni mstari wa taa tu, karibu hivyo, kwa gari ni mwendo wa saa moja ukipita mpaka wa Gatumba. Nilikuwa nafikiri kwetu ni mbali sana. Si mbali. Kinachotuzuia si kilomita.

RUSIZI: VIBOKO, MAMBA NA MAJI YALIYOPANDA

Burundi ina mbuga tatu za taifa: Kibira kwenye misitu ya kaskazini-magharibi, Ruvubu upande wetu wa mashariki, na Rusizi, ambayo iko mlangoni kabisa mwa Bujumbura, kwenye njia ya Gatumba. Zote zinasimamiwa na ofisi ya mazingira inayoitwa OBPE. Ukifika unalipa kiingilio, unapewa mlinzi wa kukuongoza. Bei inabadilika, na mwenyeji na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo uliza kwanza, uonyeshe karatasi yako.

Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu, unapita Bukavu, Kamanyola na bonde lote la Rusizi, unaingia Tanganyika hapo. Tulipanda mtumbwi. Viboko walikuwa zaidi ya kumi, masikio tu na pua juu ya maji. Ndege sikuwahesabu. Mlinzi alitusimulia habari za mamba mkubwa aliyeitwa Gustave, ambaye watu wanasema ana mita sita na aliua watu wengi sana kando ya ziwa. Idadi hakuna aliyeihesabu kwa kweli, lakini habari zake zilifika mpaka Marekani, wakatengeneza filamu mwaka 2007. Mamba tuliowaona sisi walikuwa wadogo, na tulitosheka nao.

Lakini kitu kilichonigusa zaidi si wanyama. Mwezi wa Aprili na wa Mei 2024 ziwa lilipanda sana, karibu kufikia kiwango cha zamani kabisa. Tulipopita maji yalikuwa yamerudi nyuma kidogo, ila Gatumba na Kibenga tuliona nyumba ambazo alama ya maji iko madirishani, na nyingine ambazo milango iko bado ndani ya maji. Watu wa Gatumba walifurika 2020, wakafurika 2021, wakafurika tena 2024. Wengine wanaishi chini ya shitingi kama sisi, ndani ya nchi yao wenyewe.

Na pale Gatumba kuna habari ambayo wakubwa wanaijua. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150 waliuawa kwenye kambi ya mpito. Tulipita miaka ishirini baadaye, karibu siku zilezile. Tulisimama, tukainamisha kichwa, tukaondoka. Wengine wao ni ndugu za watu wanaosoma gazeti hili. Sitaandika zaidi.

JIWE LA MUGERE

Siku ya tatu tulianza barabara ya kusini, ile inayofuata ziwa. Upande wa kulia maji, upande wa kushoto mlima. Kiasi cha kilomita kumi na kitu kutoka mjini, pahali panaitwa Mugere, kuna jiwe kubwa lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Wanafunzi wangu, sikilizeni vizuri sababu hili huwa linaulizwa: watu wengi wanasema hapo ndipo wale wawili walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, ambayo leo iko Tanzania karibu na Kigoma, mwezi huohuo au kabla yake kidogo. Mugere walilala siku mbili tu, kwa mtemi Mukamba, wakiwa wanatembea kwa mtumbwi kaskazini mwa ziwa.

Walikuwa wanatafuta nini? Walitaka kujua kama Rusizi inatoka ziwani kwenda kaskazini, maana kama inatoka, basi Tanganyika inaweza kuwa chanzo cha Nili. Walifika mdomoni mwa mto wakaona maji yanaingia, hayatoki. Wenyeji walikuwa wanalijua siku zote. Maji ya Tanganyika yanatoka upande wa Kongo, kwa mto Lukuga pale Kalemie, yanaingia mto Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Lakini ukipanda mlimani mpaka Rutovu, kuna chemchemi ndogo ambayo maji yake yanakwenda Ruvubu, Kagera, Ziwa Victoria, Nili, mpaka Misri. Nchi ndogo hii inagawa mvua yake kwa bahari mbili.

RUMONGE: MAWESE NA MLIMA WA UBWARI

Kutoka Bujumbura mpaka Rumonge ni kama kilomita 75. Njiani kuna Kabezi, Gitaza, Magara, Minago. Pale Gitaza mlima ulianguka barabarani Machi 2015, watu wakafa na njia ikakatika. Tulipopita kulikuwa na kazi ya barabara na vumbi jingi. Kwenye barie moja askari alisoma karatasi yetu mara mbili.

Akauliza: "Mnaenda kwa nani?"

Nikamwambia: "Shefu, tunaenda kuona ziwa."

"Kuona ziwa tu?"

"Ndiyo shefu. Mimi ni mwalimu, nafundisha ziwa."

Alicheka, akaturudishia karatasi, akasema watoto wake wako Bujumbura na hawajui jina la samaki hata mmoja isipokuwa mukeke.

Rumonge ni mji wa mawese. Kila pahali michikichi, na harufu ya mafuta inakupokea kabla ya nyumba. Wanachemsha chikichi kwenye mapipa, wanaziponda, wanakamua kwa mashine ya kuzungusha kwa mikono, vijana wawili au watatu wanasukuma wakizunguka kama ng'ombe. Sombe tuliyokula pale, yenye mawese ya siku hiyohiyo na ndagala, mke wangu anasema hataisahau, na mimi namshukuru Mungu kwamba alijifunza kuipika hivyo.

Usiku ziwa la Rumonge linakuwa kama mji. Ni wavuvi wa ndagala: wanawasha taa juu ya mitumbwi ili samaki wafuate mwanga, halafu wanainua wavu. Zamani zilikuwa taa za petroli, sasa nyingi ni za betri. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, sababu mwanga wa taa unashindwa. Asubuhi ndagala zinaanikwa, na bei inasemwa kwa kelele.

Asubuhi ile hewa ilikuwa safi. Ng'ambo tukaona mlima mrefu umeingia ndani ya maji. Mvuvi mmoja akasema: "Ule ni Ubwari." Mke wangu, wazazi wake ni watu wa Fizi, jina hilo analisikia tangu anyonye. Aliuliza kwa injini ni saa ngapi mpaka kule. Mvuvi akasema masaa machache tu, kama hakuna upepo. Mke wangu akachukua simu akampigia mama yake huku kambini. Mama mkwe hakuuliza mlima unafananaje. Aliuliza: "Unaona moshi?" Tukaangalia vizuri. Moshi ulikuwepo, pahali pawili, watu wanachoma mashamba kabla ya mvua. Mama akasema: "Basi watu bado wako." Akakata simu.

Kusini ya Rumonge kuna msitu wa Kigwena, kando kabisa ya barabara. Ni msitu mdogo unaolindwa, moja ya misitu michache iliyobaki chini karibu na ziwa. Ukiingia joto linaisha, nyani wanakimbia juu, vipepeo ni wengi. Upande wa juu kuna hifadhi ya Vyanda ambako kuna sokwe, lakini inahitaji kutembea sana na siku zetu zilikuwa zinaisha.

NYANZA-LAC: WENYEJI WALIOKUWA WAKIMBIZI

Tulingoja gari Rumonge nusu siku kwa ajili ya mafuta, tukafika Nyanza-Lac jioni. Ni kama kilomita 120 kutoka Bujumbura. Hapo maji ni safi, unaona mawe chini na samaki wadogo wa rangi. Ziwa hili lina aina za samaki ambazo hazipatikani pengine duniani.

Kitu kilichotushangaza ni Kiswahili. Nyanza-Lac watu wengi wanaongea Kiswahili kizuri kuliko changu, cha Tanzania. Sababu yake ndiyo kitu ambacho nataka sana wasomaji wa gazeti hili wakijue.

Mwaka 1972 mauaji yalipoanza kule kusini na kusambaa nchini, watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbilia Tanzania. Waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kwenye mapori waliyoyalima wenyewe. Watoto wao walizaliwa huko na kusoma huko. Wengine zaidi ya 160,000 baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Wengine walirudi, hasa kuanzia 2008, baada ya miaka zaidi ya thelathini na tano. Vita ya 1993 ikatoa wengine, na 2015 wengine tena: mwezi wa Mei mwaka ule makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kusini kidogo ya mpaka, kipindupindu kikawaingia, na meli ya zamani Liemba ikawa inawabeba kwa mamia kuwapeleka Kigoma. Wengine wakavuka upande wetu, wakapokelewa kambi ya Lusenda, Fizi. Ndiyo, Fizi, kwao mke wangu.

Mama mmoja mwenye kibanda cha samaki alitusikia tunaongea akatuuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia, alivuta kiti. Alizaliwa Mishamo. Wazazi wake walirudi 2008 wakakuta familia nyingine kwenye shamba lao la michikichi, watu waliokuwa pale tangu yeye hajazaliwa. Mashauri yalichukua miaka. Mwisho shamba liligawanywa katikati, na mpaka leo ni majirani, wanasalimiana, wanazikana, ila michikichi wanaihesabu.

Mke wangu akamuuliza: "Ulijuaje kwamba ni hapa, na wewe ulizaliwa kule?"

Akajibu: "Baba alinifundisha. Kila jioni aliniambia jina la mlima, jina la mto, jina la jirani wa kulia na wa kushoto. Nilipofika nilimwonyesha mimi njia, yeye macho yalikuwa yamezeeka." Halafu akasema: "Mwalimu, usiwaambie watoto kwamba kwao ni kambini. Na usiwaambie kwamba walipo si kitu. Waambie yote mawili."

Hakutulipisha mukeke. Alisema alipokuwa mtoto kuna Mtanzania ambaye hakumlipisha mama yake vilevile.

KURUDI

Kutoka Nyanza-Lac barabara inaliacha ziwa, inapanda Mabanda na Makamba, halafu Rutana. Tulipita kuona maporomoko ya Karera: maji yanaanguka kwa mikono mingi kati ya majani mabichi, hata wakati wa kiangazi. Siku ya saba jioni tulikuwa kambini, karatasi ikiwa bado na masaa.

Wakati ule mikoa ya Burundi ilikuwa 18. Wanafunzi waandike kwamba tangu 2025 ni mitano: Buhumuza, ambayo imechukua Ruyigi yetu, Burunga yenye Rumonge, Makamba na Rutana, halafu Bujumbura, Butanyerera na Gitega. Na mwaka huohuo 2025, vita ilipofika Bukavu, maelfu ya ndugu zetu waliivuka Rusizi, wakalala uwanja wa Rugombo, kisha wengi wakaletwa Musenyi, Rutana. Mto tuliopanda mtumbwi kuangalia viboko, wao waliuvuka wakiwa na watoto mabegani, na wengine maji yaliwachukua.

USHAURI KWA FAMILIA

Kwanza, anayetaka kusafiri aombe karatasi mapema, aandike kila pahali atakapolala, na arudi kabla haijaisha. Akichelewa anawaharibia na wengine.

Pili, kama ziwa ni mbali, Ruvubu ni jirani yetu. Ndiyo mbuga kubwa kuliko zote za Burundi, hekta 50,800, ina nyati na viboko. Walimu wenzangu na kamati ya wazazi tunajaribu kuombea darasa la sita ruhusa ya siku moja. Mwenye lori au mwenye kujua mwenye lori, atuone.

Tatu, ninyi wazazi na mababu. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470, linagawanywa na Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Hayo nitawafundisha mimi. Lakini jina la mlima wa nyuma ya nyumba yenu, jina la mto mliochota maji, jirani wa kulia na wa kushoto, mimi siyajui na hayamo kitabuni. Kuanzia mwezi ujao, kila Ijumaa saa tisa, darasa langu litakuwa wazi kwa mzee yeyote anayetaka kuja kuyasema. Watoto wataandika. Leteni kiti chenu, vya shule ni vifupi.